Siku 30 Zinaisha Lini? Mkopo wa Simu Unahitaji Tarehe na Saa

"Umepokea mkopo wako. Lipa ndani ya siku 30." Ujumbe wa namna hii umeingia kwenye simu za Wakenya wengi sana tangu M-Shwari ianze Novemba 2012. Ni mfupi, unasomeka haraka, na ukiusoma ukiwa umesimama kwa wakala huoni shida yoyote. Lakini hebu jaribu kujibu swali moja tu: hizo siku 30 zinaisha lini? Tarehe gani, na saa ngapi?

Kazi yangu ni kuandika jumbe fupi ambazo wateja hupokea, kwa hivyo maneno haya manne, "ndani ya siku 30", nayaangalia karibu kila siku. Maoni yangu ni haya, na najua si kila mtu kwenye sekta hii atayapenda: mkopeshaji anayekuambia idadi ya siku bila kukuambia tarehe na saa ya mwisho hajakuambia masharti ya mkopo. Amekuachia hesabu uifanye mwenyewe, kisha kompyuta yake nayo inafanya hesabu yake. Majibu yakitofautiana, ya kompyuta ndiyo yanakukata pesa.

Hesabu tatu, tarehe tatu

Tuchukue mfano wa mama anayefanya biashara ya mbuzi Mashuuru. Ananunua kwenye maboma, anakusanya kidogo kidogo, halafu anapakia lori kwenda kuuza Kitengela. Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa nne asubuhi, anachukua mkopo wa shilingi 4,000 wa kuongezea mtaji. Ada ni asilimia 7.5, yaani shilingi 300. Muda ni siku 30, na ukipita kabla hajalipa, ada inatozwa tena.

Sasa aulize watu watatu siku ya mwisho ni lini.

Wa kwanza atamwambia, "Siku 30 si ni mwezi? Ulichukua tarehe 12, utalipa tarehe 12." Hiyo ni Jumatano, 12 Machi.

Wa pili atahesabu kwa vidole: leo ni siku ya kwanza, kesho ya pili, mpaka 30. Atafika Alhamisi, 13 Machi.

Wa tatu atachukua kalenda, aruke siku ya mkopo, ahesabu 30 kuanzia kesho yake. Atafika Ijumaa, 14 Machi.

Hakuna aliyekosea hesabu. Kila mmoja amejibu swali tofauti kidogo, na maneno "ndani ya siku 30" yanawaruhusu wote watatu. Februari ya 2025 ilikuwa na siku 28, ndiyo maana "mwezi" ukawa mfupi kuliko siku 30. Mkopo huohuo ukichukuliwa tarehe 1 Julai, mwezi unakuwa na siku 31 na mambo yanageuka: anayengoja mwezi mzima anachelewa siku moja.

Kwa mtu wa mshahara labda haijalishi sana. Pesa yake inaingia mwisho wa mwezi na anaweza kulipa siku mbili mapema. Lakini huku kwetu Kajiado watu wengi hawaishi kwa mwisho wa mwezi. Wanaishi kwa siku ya mnada. Tuseme mnada anaoutegemea uko Alhamisi tarehe 13, na pesa ya mbuzi inafika mkononi Ijumaa saa kumi jioni lori likisharudi. Kama mwisho ni Jumatano, amechelewa siku mbili. Kama mwisho ni Ijumaa usiku, yuko ndani ya muda na bado ana saa nane mkononi.

Na hata tukikubaliana ni Ijumaa, bado hatujamaliza. Siku ni nini? Kama siku moja ni saa 24 kamili, basi mkopo wa saa nne asubuhi unaisha saa nne asubuhi. Akilipa saa kumi jioni amechelewa saa sita, na shilingi 300 nyingine zimeondoka. Kama siku ni tarehe kwenye kalenda, muda wake unaisha usiku, na hadaiwi chochote cha ziada. Mtu huyohuyo, malipo yaleyale, saa ileile. Kinachotofautiana ni jinsi fundi mmoja ofisini alivyoiandikia kompyuta neno "siku".

Mkalimani katikati

Ili ujue kwa nini hili linatokea, inabidi tufungue boneti kidogo. Usiogope, mimi mwenyewe nilisomea masoko, si kompyuta. Nimewasumbua mafundi wetu kwa maswali mpaka nikaelewa.

Rekodi ya mkopo wako hukaa kwenye hifadhidata, yaani daftari kubwa la kompyuta lenye mistari na safu. Programu inayoendesha huduma huandikwa kwa lugha yake, mfano Python. Hifadhidata nayo ina lugha yake, SQL. Ili mtengenezaji wa programu asihangaike na lugha mbili, wengi huweka mkalimani katikati. Mafundi humwita ORM. Mtengenezaji anasema kwa Python, "Nitafutie mikopo yote iliyopita siku 30," na mkalimani anageuza ombi hilo kuwa SQL.

Ni kama mnadani. Mnunuzi ametoka Nairobi, Kimaa hajui hata neno. Mzee mwenye mbuzi Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Katikati anasimama kijana anayejua lugha zote mbili. Kwenye bei hakosei: elfu nane ni elfu nane. Lakini mnunuzi akisema, "Nitamalizia baada ya mwezi," kijana analazimika kuamua amaanishe nini. Mwezi wa kalenda? Mwezi unaoandama? Siku 30? Pale ndipo ugomvi unapoanzia, na kijana hana kosa. Neno lenyewe halikuwa na maana moja.

Kwa kompyuta ni vivyo hivyo. Django, mojawapo ya mifumo inayotumika sana na watengenezaji wa programu za Python, ina mkalimani wa aina hii. Mwambie ahifadhi muda wa "siku 30". Kama hifadhidata ni PostgreSQL, atauandika kama muda wa siku 30, kwa sababu PostgreSQL ina aina maalumu ya kuhifadhi muda. Kama ni MySQL, atauandika kama namba tupu: 2,592,000,000,000. Hizo ni siku 30 zilizopigwa kuwa sehemu za sekunde, kila sekunde imegawanywa mara milioni moja. Mwongozo rasmi wa Django wenyewe unawaonya watengenezaji kwamba nje ya PostgreSQL, kulinganisha muda uliohifadhiwa hivyo na hesabu ya tarehe hakutaleta jibu wanalolitarajia. Kwa hivyo hili ni jambo linalojulikana kwa wenye kazi yao. Ni sisi watumiaji ambao hatuambiwi.

Mifano ya hesabu inavyopinda

Wa kwanza utakufanya ucheke. Chukua 1 Februari 2025, toa 31 Januari 2025. Jibu ni siku moja, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Lakini ukiiandikia MySQL moja kwa moja tarehe hizo mbili na alama ya kutoa katikati, itazisoma kama namba: 20250201 kutoa 20250131. Jibu ni 70. Sabini! Haitoi onyo lolote, inakupa 70 kwa utulivu kabisa. Mkalimani mzuri analijua hilo na hutumia njia sahihi ya kutoa tarehe. Shida huja pale fundi mwenye haraka anapomruka mkalimani na kuandika mwenyewe.

Wa pili ni wa mwezi. Ukiiambia PostgreSQL iongeze mwezi mmoja kwa 31 Januari 2025, itakupa 28 Februari, kwa sababu 31 Februari haipo. Ongeza mwezi mwingine juu ya hapo, utapata 28 Machi. Lakini ukiongeza miezi miwili kwa mkupuo, kutoka 31 Januari, utapata 31 Machi. Njia mbili zinazoonekana sawa, tofauti ya siku tatu. Wenye Python waliliona hili: kifaa chao cha kawaida cha kupima muda kina siku, sekunde na vipande vya sekunde. Miezi hakuna. Waliiacha nje kwa sababu mwezi hauna urefu mmoja. Kompyuta inakataa kukisia mwezi ni siku ngapi, halafu sisi kwenye matangazo tunaandika "mwezi mmoja" bila wasiwasi.

Wa tatu unatuhusu Wakenya moja kwa moja, nao ni wa saa. Kompyuta nyingi huhifadhi wakati kwa saa ya kimataifa ya UTC. Kenya iko mbele ya UTC kwa saa tatu. Mradi mpya wa Django huanza ukiwa umewekwa UTC, na ni mtengenezaji mwenyewe anayepaswa kuubadilisha uwe wa Nairobi. Akisahau, siku ya kompyuta haibadiliki saa sita usiku. Inabadilika saa tisa usiku.

Utasema, nani yuko macho saa tisa usiku? Kajiado wako wengi. Anayepakia mbuzi saa nane ili awahi machinjioni Kitengela kabla ya alfajiri. Dereva wa lori, mlinzi, nesi wa zamu ya usiku, mama wa mboga anayewahi soko. Mtu akikopa saa nane usiku kujaza mafuta ya lori, kwenye kalenda ya ukutani ni leo, lakini kwa kompyuta ya UTC bado ni jana. Akilipa saa mbili asubuhi baada ya kuuza, amekaa na pesa saa sita tu. Kompyuta itaona tarehe mbili tofauti na kusema siku imepita. Kama mkopo wake unatozwa kwa siku, ameshalipia siku ambayo hakuikaa.

Kuna hata kituko cha zamani ndani ya kompyuta zetu. Kabla ya saa za kanda kuwekwa, kila mji ulifuata jua lake. Jua la Nairobi liko mbele ya lile la Greenwich kwa saa mbili na dakika 27 hivi. Baadaye serikali ya kikoloni ilibadilisha saa ya Kenya zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa mbele kwa saa mbili na dakika 45, si tatu kamili kama leo. Historia hiyo yote imehifadhiwa kwenye orodha ya saa za dunia ambayo kompyuta hutumia. Kuna maktaba ya Python inaitwa pytz ambayo, ukiibandika saa ya "Africa/Nairobi" kwa njia isiyo sahihi, inachukua ile ya kwanza kabisa ya jua. Matokeo yake, muda uliouweka saa kumi na mbili kamili jioni unageuka kuwa saa kumi na mbili na dakika 33. Django ilihamia kifaa kingine kama chaguo la kawaida kwenye toleo la 4.0, Desemba 2021, lakini programu za zamani bado zipo. Kwa dakika 33 za jua la mababu, mtu anaweza kuhesabiwa amelipa kesho.

Siku moja, majibu manne

Mikopo inayotozwa kwa siku ndiyo inayofanya haya yote yawe na uzito. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, hutoza ada kwa kila siku unayokaa na deni, na leo "kufuliza" ni kitenzi cha kila mtu. Hasla Fandi, iliyozinduliwa 30 Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa siku, na muda wa kulipa siku 14. Kwa mkopo wa shilingi 1,000 hiyo ni kama shilingi 3 na senti 7 kwa siku zote 14. Kukosea siku moja hapo ni senti tu. Lakini kwenye mkopo wa ada ya shilingi 20 kwa siku, kukosea siku moja ni shilingi 20 nzima.

Tuseme umekopa Jumatatu saa kumi jioni kwa ada ya shilingi 20 kwa siku, ukalipa Jumanne saa mbili asubuhi. Zimepita saa 16. Unadaiwa ngapi?

- Ukihesabu saa 24 zilizokamilika: hakuna hata moja. Ada ni 0.
- Ukihesabu saa 24 zilizoanza: moja imeanza. Ada ni 20.
- Ukihesabu usiku uliopita: mmoja. Ada ni 20.
- Ukihesabu tarehe zilizoguswa: Jumatatu na Jumanne. Ada ni 40.

Njia ya pili na ya tatu zinafanana hapo, lakini zinaachana haraka. Kopa Jumatatu saa nne asubuhi, lipa Jumanne saa kumi jioni. Sasa ni saa 30. Kwa saa 24 zilizoanza unadaiwa 40. Kwa usiku uliopita unadaiwa 20.

Njia zote nne ni halali, na kila moja ni mstari mmoja tu kwenye programu. Lakini mtu anayekopa mara tatu kwa wiki na kukatwa shilingi 20 zaidi kila mara, kwa mwaka ni shilingi 3,120. Hiyo si hesabu ya kupuuza kwa mtu anayejikusanyia mtaji wa mbuzi mmoja mmoja, hasa baada ya ukame wa 2020 hadi 2022 ambao uliwaacha wafugaji wengi wa Kajiado wakianza upya.

Saa sita usiku ya lini?

Kuna jambo lingine ambalo halitoki kwenye kompyuta. Linatoka kwenye lugha zetu. Ujumbe ukisema "lipa kabla ya saa sita usiku tarehe 14", ni saa sita ipi? Kwa kompyuta, saa sita kamili usiku ni mwanzo wa tarehe 14, yaani Alhamisi ikiisha. Kwa binadamu wengi ninaowajua, saa sita usiku ya Ijumaa ni pale Ijumaa inapokwisha. Kwa Muislamu siku huanza jua linapotua, na ndiyo maana Waswahili wana maneno safi kabisa: "usiku wa kuamkia Ijumaa". Maneno hayo hayana utata. Ajabu ni kwamba hatuyatumii kwenye jumbe za pesa.

Halafu kuna saa yenyewe. Ukiandika "saa 3 usiku", bibi yangu atajua ni saa tatu, baada ya chakula. Kijana aliyezoea saa ya simu anaweza kuona 3 akafikiria usiku wa manane. Tofauti ni saa sita nzima. Ndiyo maana napendekeza muda wa mwisho uandikwe saa 5:59 usiku. Hakuna saa nyingine ya usiku ambayo mtu anaweza kuichanganya nayo, na haina ubishi ni ya tarehe gani.

Wanaopinga wanasema nini

Najua majibu nitakayopewa, na mengine yana maana.

La kwanza: ujumbe wa simu una nafasi ya herufi 160 tu. Kweli. Nimehesabu. "Lipa ndani ya siku 30" inachukua nafasi 21. "Lipa kabla ya Ijumaa 14/3/2025 saa 5:59 usiku" inachukua 45. Tofauti ni 24. Tukiondoa "Hongera!" na "Asante kwa kutuchagua", nafasi inapatikana na inabaki. Nasema hivyo nikiwa mtu wa masoko ambaye hupenda sana kuandika "Hongera!"

La pili: yote yameandikwa kwenye vigezo na masharti. Labda. Lakini masharti hayo yako kwenye kurasa ambazo mtu wa simu ya kubonyeza hawezi hata kuzifungua. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinataka mkopaji aelezwe masharti ya mkopo. Mimi nasoma hilo hivi: kama tarehe ya mwisho imo ndani ya kompyuta yako, na ujumbe unaotuma hauna tarehe hiyo, bado kuna kitu hujamweleza.

La tatu ndilo zito zaidi: ukimpa mteja saa ya mwisho, atangoja mpaka saa ya mwisho. Mtandao ukilemewa usiku huo, watu watachelewa bila kutaka. Hili sina jibu la mkato. Wapo watakaongoja. Lakini dawa yake ni kutuma ukumbusho siku tatu kabla na kuweka muda wa hisani wa saa chache, hasa kwa sehemu kama ndani ya Mashuuru ambako kuna maboma unapanda kilima kutafuta mtandao. Kumficha mtu saa ili aogope na kulipa mapema si elimu kwa mteja. Ni kumtega.

Na kuna sababu nyingine ya kulichukulia hili kwa uzito: CRB. Tangu Aprili 2020, Benki Kuu ilielekeza kwamba deni la chini ya shilingi 1,000 lisipelekwe huko kama taarifa mbaya. Lakini 4,000 ya yule mama wa mbuzi iko juu ya hapo. Kila hatua ya kuelekea kwenye orodha hiyo inahesabiwa kwa siku kutoka tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho ikiwa na utata, kila kinachofuata kinarithi utata huo.

Ninachotaka kampuni zifanye, yetu ikiwemo

Moja, kila ujumbe wa mkopo uwe na siku ya wiki, tarehe na saa ya mwisho, kwa saa za Kenya. Kompyuta itumie tarehe hiyohiyo iliyotumwa kwa mteja, isihesabu upya kivyake. Hapo hata mkalimani akikosea, ahadi iliyoandikwa ndiyo inayoshinda.

Mbili, ada za kila siku zihesabiwe kwa usiku. Ukiniuliza mimi, hii ndiyo njia ya haki na rahisi kuelezea: deni likilala kwako usiku mmoja, unadaiwa siku moja. Yeyote aliyewahi kulipia chumba cha kulala anaielewa. Kama kampuni inaona ikope asubuhi na kulipwa jioni bure itapata hasara, iweke ada ya chini kabisa, lakini iiseme wazi.

Tatu, neno "mwezi" lisitumike kwenye mkopo wa siku 30. Ni vitu viwili tofauti.

Wewe unachoweza kufanya leo

Kabla ya mabadiliko hayo kufika, jilinde hivi:

- Usihesabu kwa miezi. Fungua kalenda ya simu, ruka siku uliyokopa, hesabu kuanzia kesho yake.
- Chukulia muda unaisha saa ileile uliyokopa. Ukikopa saa nne asubuhi, lipa kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya mwisho. Hapo hata siku ikihesabiwa kwa saa 24 kamili, utakuwa salama.
- Kama unaweza kungoja, usikope kati ya saa sita na saa tisa usiku. Hapo ndipo tarehe yako na ya kompyuta zinaweza kutofautiana.
- Weka ujumbe wa uthibitisho wa kila malipo. Una namba ya muamala, tarehe na saa. Huo ndio ushahidi wako, usiufute simu ikijaa.
- Ukiona umekatwa ada ya siku usiyoielewa, piga huduma kwa wateja na uulize swali hili moja kwa moja: "Siku yenu inaanza saa ngapi, na mnahesabu saa 24 au tarehe?" Anayekuhudumia asipojua, mwombe aulize kisha akurudie. Una haki ya jibu.

Swali hilo la mwisho halihitaji uwe umesomea chochote. Kinachohitajika ni watu wa kutosha kuliuliza, Mashuuru, Isinya, Kitengela, kila mahali, mpaka iwe rahisi kwa mkopeshaji kuandika tarehe kuliko kujibu simu.